Vayoleti ya Usambara Ikigoma: Soma Dalili Kabla ya Kumwagilia

Swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu ugonjwa hata kidogo. Mtu amenunua vayoleti yake ya kwanza, imechanua, ameinama kuitazama, kisha ananitumia picha: "Ua langu limepinda, kile kijiti cha katikati kimeegemea kushoto. Je, ni kilema?" Baada ya siku mbili inakuja picha nyingine, mche uleule, ua la pili, na safari hii kijiti kimeegemea kulia. Hapo wasiwasi unazidi.

Si kilema. Ndivyo ua hili lilivyoumbwa, na nawasihi wote wanaoutunza mmea huu hapa Moshi na kule Arusha waanzie hapo kabla ya kushika dawa au mbolea. Anayelijua ua lake hukijua chanzo cha tatizo mapema. Asiyelijua hukimbilia kopo la maji, na maji yameua vayoleti nyingi kuliko wadudu na magonjwa yote nitakayoyataja hapa.

Litazame ua kwanza

Lisogeze karibu na dirisha. Utaona petali tano zilizoungana kwenye shina lake: mbili ndogo juu, tatu kubwa chini. Katikati kuna vifuko viwili vya manjano iliyokolea, vimeshikana vichwa kama njugu mbili ndani ya ganda moja. Humo ndimo ilimo chavua. Kijiti chembamba kinachobeba ncha ya kike hakikusimama katikati kama ulivyozoea kwenye ua la bamia. Kimekwepa kando, na katika mche mmoja utakuta maua ya kushoto na ya kulia.

Mdudu anayekuja hapa hapati nekta, kwa maana haipo. Anafuata chavua tu, na hata hiyo haijaachwa wazi, kwani kila kifuko kina upenyo mdogo mno. Wapo nyuki wa porini wanaokikumbatia kifuko na kutetemesha misuli yao hadi chavua inamwagika kama unga kwenye chekeche na kuwaangukia ubavuni. Nyuki huyo akitua kwenye ua ambalo kijiti chake kimelala upande wa ubavu huo, ncha inampapasa palepale penye unga. Kwa hiyo kupinda kule ni mpango wa kuchavushana ua kwa ua.

Shika mambo mawili: vifuko vimefungwa, na kijiti kiko kando. Tutayarudia.

Kwao ni wapi

Wengi wanadhani mmea huu uliletwa na Wazungu kwa kuwa unauzwa ukiwa umefungwa utepe. Ni wetu. Makazi yake ya asili ni misitu ya Usambara, Nguru, Uluguru na milima jirani, pamoja na sehemu chache za Kenya. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, aliukuta huko na kuutuma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, akaupa jina Saintpaulia ionantha. Tangu 2015 wanasayansi wameuingiza kwenye jenasi ya Streptocarpus, ila sisi tunaoupanda bado tunatumia jina la zamani, na wauza miche wanasema afrikani vayoleti. Hauna undugu na vayoleti za Ulaya.

Nilipopanda Amani, kule milima ya Usambara, kwa mara ya kwanza nilitarajia kuukuta kwenye udongo mweusi wa msituni. Wapi! Mwenyeji wetu alituonyesha mwamba ulioinamia kijito, upande usiopigwa na jua. Majani ya mviringo yenye vinyweleo yalikuwa yamelala bapa juu ya jiwe, na nilipochungulia chini yake niliona mizizi imeshika udongo usiojaza kiganja cha mtoto. Mvua ya Amani inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, lakini pale mwambani maji yanapita tu, hayasimami.

Tangu siku ile, kila nikikuta mche unaumwa najiuliza: hapa kuna nini ambacho pale mwambani hakipo?

Majani yamelegea, na bado unamwagilia

Hii ndiyo inayowaponza wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Majani yamelegea kama kitambaa kilicholoa, mwenye mche anaona kiu, anamwagilia. Kesho yake yamelegea zaidi, anaongeza. Siku ya nne mche umelala kabisa.

Kabla ya kufanya lolote chomeka kidole kwenye udongo hadi pingili ya kwanza, kisha nyanyua chungu. Udongo ukiwa mkavu na chungu chepesi, hiyo kweli ni kiu. Kiweke kwenye sahani ya maji kwa nusu saa, halafu mwaga maji yaliyobaki. Udongo ukiwa umelowa na chungu kizito, mizizi imeoza, na mche unakufa kwa kiu huku umesimama ndani ya maji.

Utoe mche uone mwenyewe. Mizizi mizima ni myeupe, myembamba kama uzi. Iliyooza ni ya kahawia. Ukiivuta taratibu ganda lake linavuka na kubaki mkononi, na udongo unanuka kama tope la mfereji uliofungwa. Sasa bonyeza moyo wa mche, pale majani yote yanapokutana. Ukiwa mgumu, kuna matumaini. Kata mizizi yote iliyooza, endelea kukata shina kidogo kidogo hadi uone nyama ya kijani isiyo na alama yoyote ya kahawia, punguza majani ya nje yabaki saba au manane, kisha upande upya kwenye kikombe kidogo chenye mchanganyiko wa kupandia (nitaueleza hapa chini) uliolowana kidogo tu. Kata kitako cha chupa ya maji ya lita moja na nusu uufunikie. Wiki ya tatu au ya nne, ukiutikisa na ukakataa kung'oka, umeshika mizizi.

Moyo ukiwa laini kama parachichi lililopitiliza, achana nao. Tafuta jani moja zima, likate na kikonyo cha sentimita tatu hivi, ukikate kwa mshazari, uchomeke kwenye kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, yenye unyevu. Mizizi hutoka ndani ya mwezi mmoja. Vichipukizi vidogo kama masikio ya panya huchomoza mwezi wa pili au wa tatu. Mche mzima unaweza kupatikana hivi kutoka kwenye jani moja, na kwa kweli mimea mingi iliyoko majumbani ilipatikana kwa njia hiyo.

Tatizo hili huzuiwa na mchanganyiko wa kupandia. Udongo wetu wa shamba la kahawa na migomba, tunaojivunia kwa haki, haufai hapa. Ndani ya chungu unashikana, hewa inakosekana, maji yanakaa. Mimi nachanganya sehemu mbili za kokopiti inayouzwa maduka ya pembejeo, sehemu moja ya makapi ya mpunga yaliyochomwa hadi kuwa meusi, na sehemu moja ya zile changarawe nyepesi za volkano zenye vitundu. Ukiukamata mkononi na kuubana, mchanganyiko uachie mara unapofungua vidole.

Na chungu kiwe kidogo. Mche wenye upana wa sentimita 20 unatosha kwenye kopo la mtindi la robo lita lililotobolewa chini matundu manne. Najua inaonekana kama ubahili, lakini kumbuka kile kiganja cha mtoto. Chungu kikubwa ni bwawa linalosubiri kuozesha mizizi.

Wanaosafiri sana watumie utambi, kama wa kibatari. Pitisha kamba nyembamba ya nailoni kwenye tundu la chini, ncha moja ikae ndani ya mchanganyiko, nyingine izame kwenye kopo la maji lililo chini. Usitumie uzi wa pamba, unaoza ndani ya wiki chache. Na kama mchanganyiko wako una udongo wa kawaida, utambi utaulowesha kupita kiasi, kwa hiyo rekebisha kwanza mchanganyiko.

Madoa ya rangi ya maziwa

Yamejichora kama pete, au kama njia ya konokono, juu ya jani ambalo kwa mengine yote ni zima. Watu hununua dawa ya ukungu kwa ajili ya hili, na ni hela inayotupwa. Chanzo ni maji baridi. Jani lenye joto likipozwa ghafla kwa nyuzijoto 8 hivi, seli zilizo chini ya ngozi yake ya juu huharibika na ukijani unapotea. Dada mmoja wa Ilboru alikuwa akimwagilia kila siku saa nne asubuhi mwezi wa Julai, majani yakiwa yameshaota joto la dirishani na maji yametoka bombani yakiuma vidole. Mche mzima ulichoreka kama kanga. Alipoanza kuchota maji jioni na kuyaacha jikoni hadi kesho yake, majani mapya yalitoka safi. Yale ya zamani hayarudi, alama hubaki hadi jani lichoke.

Doa likiwa la kahawia, kavu, lenye mpaka unaoeleweka, hilo ni jua. Sogeza mche ndani.

Majani mazuri, maua hakuna

Kama majani ni ya kijani kilichokolea, vikonyo virefu vinanyoosha shingo kutafuta dirisha, na hujaona ua kwa miezi mitano, mche una njaa ya mwanga. Unahitaji mwanga mzuri usio wa jua kali kwa saa kumi hadi kumi na mbili kwa siku, na giza la usiku pia.

Hapa ndipo maelekezo ya vitabu vya nje yanapotupotosha. Vingi vimeandikwa kwa watu wa kaskazini ya dunia, vinasema weka kwenye dirisha la kaskazini ambako jua haliingii. Kwao ni kweli. Sisi tuko kama nyuzi 3 na kidogo kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua linahama. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba linapita kaskazini yetu, na dirisha la kaskazini ndilo linalochomwa. Kuanzia Oktoba hadi Machi linapita kusini, na mambo yanageuka. Mche uliokaa vizuri mwezi wa Februari kwenye dirisha linaloutazama Kilimanjaro unaweza kuungua mwezi wa Juni bila wewe kuugusa.

Mimi nina kanuni rahisi. Dirisha la mashariki linafaa mwaka mzima, kwa kuwa jua la saa moja hadi saa tatu asubuhi ni la upole. La kaskazini na la kusini nabadilishana mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba. La magharibi silitumii kabisa hapa Moshi, mchana wa Januari na Februari ni moto, zaidi ya nyuzijoto 32 mara nyingi, na vayoleti ikipita 30 inaacha kutengeneza vichipukizi vya maua. Arusha shida yao ni kinyume. Iko juu zaidi, kama mita 1,400, na usiku wa Juni hadi Agosti unashuka hadi nyuzijoto 12 au 13. Chini ya 15 mche unasinzia. Usiulazimishe kwa mbolea wakati huo. Utoe dirishani jioni, uuweke katikati ya chumba, urudishe asubuhi.

Jaribio la mwanga ni hili: weka kiganja chako sentimita 30 juu ya majani mchana. Ukiona kivuli hafifu chenye kingo zisizoeleweka, panafaa. Kivuli kikali ni jua kupita kiasi. Usipoona kivuli kabisa, ndiyo maana hakuna maua.

Maua yameanguka yakiwa mazima

Hayakunyauka. Yameanguka mabichi, na asubuhi yamelala juu ya meza kama yaliyochumwa. Shangazi yangu wa Kibosho lilimpata hilo wiki ya kipaimara cha mjukuu wake. Mche uliokuwa na maua kumi na tano jioni uliamka mtupu. Kulikuwa na wageni wengi waliousifia, na aliamini kabisa ni jicho la husuda.

Niliuliza mche ulilala wapi. Stoo, alisema, ili watoto wasiuangushe. Na stoo kulikuwa na nini? Mikungu miwili ya ndizi za mbege, imevundikwa.

Ndizi inayoiva hutoa hewa iitwayo ethilini. Hewa hiyohiyo ndiyo inayoivisha ndizi ya jirani yake, ndiyo sababu tunavundika zikiwa pamoja na kuzifunika. Vayoleti ni miongoni mwa maua yanayodhurika nayo upesi sana: kiasi kidogo tu kwa saa chache, na petali zinaachia. Maembe, maparachichi na mapapai yanayoiva yana tabia hiyohiyo, na moshi wa jiko la mkaa unaichangia pia. Mche hauumwi. Uhamishe, ukae mbali na matunda na jiko, maua ya mzao unaofuata yatashika. Shangazi sasa anauweka chumbani kwake, na stoo imebaki ya ndizi.

Unga wa manjano umemwagika juu ya petali

Turudi kwenye vifuko. Nilisema vimefungwa. Ndani ya nyumba, bila nyuki wa kuvitetemesha, chavua haina njia ya kutoka. Kwa hiyo ukiona vumbi la manjano limetapakaa juu ya petali za zambarau, jua kuna aliyevitoboa, na karibu kila mara ni thripi. Ni wadudu wembamba kama kipande cha nyuzi, urefu wa milimita moja hivi, rangi ya majani makavu. Pulizia ndani ya ua pumzi ya joto uwaone wakikimbia. Wanakula chavua, wanakwangua petali hadi zinabaki na michirizi myeupe, na maua yanazeeka kabla ya siku zake.

Alama hii naipenda kwa sababu inasomeka kwa macho matupu na haidanganyi, almradi uwe unajua ua lilivyoumbwa.

Kutibu kunahitaji moyo mgumu: chuma maua yote na vichipukizi vyote vya maua, kila chungu, hata visivyoonyesha dalili, na uendelee kuchuma kwa wiki sita hadi nane. Vichome, usivitupe bustanini. Thripi bila chavua hawazaliani vizuri. Mafuta ya mwarobaini yanasaidia kuwapunguza kwenye majani, ila ukipuliza dawa huku maua yamebaki unawafuga. Na usilete shada la waridi au karnesheni kutoka sokoni ukaliweka karibu na vayoleti, ndimo wanamosafiria.

Moyo umekaza na majani madogo yamekunjamana

Hapa pana mambo mawili yanayofanana, na tiba zake hazifanani kabisa. Chukua lenzi ya mkononi.

Ukiona vinyweleo vya majani ya katikati vimeshika vijichembe vya rangi ya kutu, na majani yanavunjika kama chipsi, hiyo ni chumvi ya mbolea. Umezidisha. DAP na urea waachie mahindi. Vayoleti inapewa NPK ya kuyeyusha kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, tena si kila siku. Pitisha maji safi ya uvuguvugu kwenye chungu hadi yamwagike chini mara nne au tano, pumzisha mbolea miezi miwili, majani ya katikati yatafunguka.

Usipoona chembe hizo, bali majani ya katikati yamekuwa madogo, ya kijivu, yenye manyoya mengi kuliko kawaida, na vikonyo vya maua ni vinene na vimejipinda, huo ni utitiri. Aina hii ni ndogo mno, robo milimita, kwa macho huioni. Hujificha ndani ya moyo ambamo dawa haifiki. Nasema kwa uchungu: choma mche huo. Niliwahi kununua mmoja mzuri kando ya barabara, nikaupanga moja kwa moja kwenye rafu na wengine kwa sababu ulikuwa umechanua na nilitaka kuuona kila siku. Kati ya vyungu kumi na vinne nilibakiwa na vitatu. Tangu hapo mche mpya unakaa peke yake chumba kingine wiki sita, na mikono nanawa nikitoka kuugusa.

Kwa kuwa nimetaja kununua: kuna wanaoniambia wangependa "ya asili kabisa" na kuniuliza namna ya kuipata Amani au Lushoto. Tafadhali, isifanyike. Baadhi ya aina za porini zimebaki kwenye miamba michache tu, msitu unaozitia kivuli ukikatwa zinakauka, na kung'oa mmea ndani ya msitu wa hifadhi ni kosa kisheria. Isitoshe mche wa mwambani ukihamishwa ghafla kwenye kopo mara nyingi unakufa. Jani kutoka kwa jirani linakutosha.

Vikonyo vinaoza vinapogusa ukingo wa chungu

Jani la nje limelala, kikonyo chake kina kidonda cha kahawia pale hasa kinapopumzika juu ya ukingo. Pitisha kidole kwenye ukingo huo, utakuta gamba jeupe linalochubuka. Ni chumvi. Chungu cha udongo wa kuchoma hunyonya maji, maji yanakauka ukingoni, chumvi inabaki na kuunguza kila kinachoigusa.

Watu wa Arusha wanaliona hili kuliko sisi, na si ajabu. Maji mengi yanayotoka miteremko ya Meru yana magadi na floridi, ileile iliyotia rangi ya kahawia meno ya wengi waliokulia huko. Vayoleti inataka udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 5.8 hadi 6.5, na maji ya magadi yanaupandisha taratibu hadi majani mapya yanatoka ya manjano huku mishipa imebaki kijani. Kinga maji ya mvua ya bati, ukiacha mvua ya kwanza isafishe paa. Madumu mawili ya masika yanamaliza kiangazi kwa mtu mwenye vyungu vitano. Kwa ukingo, yeyusha mshumaa na uchovye mdomo wa chungu kabla ya kupanda. Nta inazuia chumvi kupenya.

Mengine kwa ufupi

Unga mweupe juu ya majani na vikonyo vya maua, unaofutika kwa kidole, ni ubwiri unga. Unapenda usiku wa baridi baada ya mchana wa joto, na hewa isiyotembea. Tenganisha vyungu visigusane, fungua dirisha mchana.

Vijipamba vyeupe kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata. Vipanguse kimoja kimoja kwa kijiti cha pamba kilichochovywa spiriti, rudia kila baada ya siku tano. Vikiwa kwenye mizizi, chukua jani uanze upya.

Shingo ndefu iliyo uchi, majani yamebaki juu kama mnazi, ni uzee wa kawaida. Kwangua shingo kwa upole kwa kisu kisichokata, punguza mzizi kwa chini kiasi hichohicho, upande upya ukizamisha shingo yote. Fanya hivi kila mwaka mara moja.

Na kama ulichukua jani kwenye mche wenye maua ya mistari, kila petali ina mstari wa rangi nyingine katikati, na mtoto amechanua rangi moja tupu, hukukosea chochote. Mistari ya namna hiyo haipiti kwenye jani. Subiri mama atoe kichipukizi ubavuni, ukipande hicho.

Haijawahi kutoa mbegu

Ua linachanua, linakaa wiki mbili tatu, linakauka, basi. Sasa unajua kwa nini: vifuko vimefungwa, kijiti kiko kando, na nyuki anayejua kuvitetemesha hakai Rau wala Njiro sebuleni kwako. Itabidi uwe nyuki wewe.

Chagua ua lililofunguka siku nne au tano zilizopita. Gusa ncha ya kijiti kwa ukucha. Ikiwa inanata kidogo, iko tayari. Chukua kifuko kutoka ua la mche mwingine, kipasue kwa pini juu ya ukucha wa dole gumba, utaona unga laini wa rangi ya malai umekaa juu ya ukucha. Papasisha ukucha kwenye ncha ya kijiti. Funga uzi kwenye kikonyo ili usisahau ni lipi.

Siku tatu baadaye petali zitaanguka, na safari hii usisikitike. Baada ya wiki mbili hivi kitumba cha kijani chini ya kijiti kitaanza kunenepa. Kitachukua miezi minne hadi sita kuiva, na muda huo mche utaendelea kuchanua maua mengine. Kikigeuka kahawia na kusinyaa, kikate, kiache juu ya karatasi ndani ya nyumba kwa mwezi mmoja. Ukikipasua utapata mbegu laini kama ugoro, mamia. Zinyunyize juu ya kokopiti yenye unyevu bila kuzifukia, kwa kuwa zinahitaji mwanga, ufunike kwa kioo. Kuanzia wiki ya pili hadi ya tatu, inama na lenzi yako: utaona vijani viwili viwili, vidogo kuliko kichwa cha pini, vimeshika njia.